Kujumlisha Mbuzi wa Kalamba

Wenzangu mliobaki ofisini, nisameheni kwanza mwandiko. Herufi zangu zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pale mnapoona wino umekolea ndipo nilipokaa nikifikiria neno linaandikwaje. Nilisoma shule ya msingi nikaishia hapo. Mkikuta kosa la tahajia, someni kwa sauti. Mara nyingi sikio husamehe kile ambacho jicho limekataa.

Najua mnacheka kwamba mtu ambaye hajafika miaka thelathini anajiita mstaafu. Hata mama alicheka. Lakini mlinipikia chai ya maziwa na mandazi, mkanifunga leso mpya, Daktari akatoa hotuba, na nijuavyo mimi mtu akishapewa leso na hotuba amestaafu. Kazi yangu ilikuwa kusoma tarakimu kwenye jedwali la ukurasa wa mtandao na kuzijumlisha. Sasa umeletwa ukurasa mpya unaojumlisha wenyewe, nami nimerudi nyumbani Kitui kuchunga mbuzi wa mama. Sina kinyongo na ukurasa mpya. Ila Katunge aliniomba niwaachie ninachokijua, na kwa mdomo ningechukua mwaka mzima, kwa hiyo naandika kidogo kidogo wakati mbuzi wanapumzika kivulini.

Siku ya kwanza nilifika Emali nikiwa nyuma ya shangazi, nimeshika ncha ya kitenge chake kama mtoto, na nilikuwa nimeshamaliza shule. Mnaijua ofisi yetu: chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, ng'ambo ya reli. Siku hizo hakikuwa na pazia, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa imeingia hadi kwenye sukari. Katunge, karani wa kikundi, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani imefungwa kwa uzi mwekundu, mkononi ana rula ya mbao.

"Huyu ndiye msichana wangu, Mumbua," shangazi akasema. "Hesabu anajua. Shida yake ni kwamba hasemi."

"Hasemi kabisa au hasemi sana?"

"Hasemi mpaka aulizwe mara mbili."

Katunge akanitazama juu ya miwani. "Basi nitamuuliza mara mbili. Mumbua, umekunywa chai?"

Nikanyamaza.

"Mumbua, umekunywa chai?"

"Bado," nikasema, na hivyo nikaandikwa kazi.

Kwa wale waliokuja juzi, niseme kazi yenyewe ilivyokuwa. Katika kila kijiji, Makueni na Kitui, kikundi chetu cha wafugaji kina mjumbe mwenye simu. Mjumbe hupita kwenye maboma, anauliza mbuzi ni wangapi, anatuma. Alichotuma kilitokea kwenye ukurasa wa mtandao ndani ya jedwali: kila boma mstari wake, na kila mstari umekatwa vijumba vidogo, cha jina la mwenye boma, cha mbuzi, cha kondoo. Ukurasa ule wa zamani ulikuwa mpole lakini mvivu. Ulionyesha kila kitu na haukujumlisha chochote. Kujumlisha kulikuwa kwetu.

Jumla ilikwenda kwa Daktari Mutiso, daktari wetu wa mifugo, naye kwa jumla hiyo aliagiza chanjo ya tauni ya mbuzi, ule ugonjwa wa makamasi na kuhara unaoweza kumaliza boma zima. Chupa moja huchanja mbuzi mia. Ikishachanganywa na maji yake haingoji mtu. Baada ya muda mfupi, hata ukiiweka kwenye barafu, imekufa na haina tofauti na maji ya kuoshea vikombe. Jumla ikizidi, chanjo inamwagwa. Ikipungua, kuna mbuzi watarudi nyumbani bila sindano. Kwa hiyo tulipojumlisha hatukuwa tunajifurahisha.

Katunge alinifundisha kwa ile rula. Aliiegemeza kwenye kioo cha kompyuta, chini ya mstari, akaiteremsha mstari baada ya mstari, midomo ikicheza. "Jicho ni kama mbuzi," aliniambia. "Ukiliacha bila ukuta litaingia shamba la jirani." Na kweli, bila rula nilikuwa naanza na mbuzi wa mtu mmoja na kumalizia na kondoo wa mwingine. Kioo chetu bado kina mikwaruzo ya rula ile. Mtu akiwaambia ni uchafu, mwambieni aache kusugua.

Alinifundisha pia kujumlisha mara mbili, lakini mara ya kwanza kutoka juu na ya pili kutoka chini. Ukianzia juu mara zote mbili, jicho linalikumbuka kosa lake na kulirudia kwa heshima. Ukipanda kutoka chini, kila tarakimu unaikuta kama mgeni. Jumla mbili zikifanana, unakunywa chai. Zisipofanana, chai inapoa. Miezi yangu ya kwanza nilikunywa chai baridi mno.

Halafu kulikuwa na vijumba vyenyewe, na tabia zao. Wajumbe wengine waliandika herufi ya O mahali pa sifuri. Wengine waliandika "kumi na tano" kwa maneno, ukiteremka na rula unairuka kama shimo. Mwingine wa upande wa Kitui alikuwa anaandika "20 au 25", nikimpigia Katunge simu kwa macho, yaani nikimtazama tu mpaka ageuke. Mtandao nao ulikuwa na mchezo wake: mjumbe akibonyeza kutuma na asione jibu, anabonyeza tena, na boma moja linazaliwa mara mbili. Na chini kabisa ya jedwali kulikuwa na kitufe cha kufungua ukurasa unaofuata. Jedwali halikuwa linaisha pale linapoonekana kuisha. Siku nilipokijua kile kitufe niliona aibu kuhusu wiki nzima iliyotangulia.

Lakini kilichonikaa zaidi ni maneno aliyosema Katunge nilipoweka sifuri kwenye kijumba kitupu. Alinishika mkono. "Sifuri ni mtu amekujibu," akasema. "Kijumba kitupu ni mtu hajaulizwa. Usimjibie."

Vichekesho pia vilikuwepo. Mjumbe wetu wa Mtito Andei, mtu mwema sana, aliamua kutusaidia: alijumlisha mbuzi wote wa kijiji chake mwenyewe, akaiongeza ile jumla chini kama mstari mwingine. Pale pa jina la mwenye boma akaandika "Jumla". Daktari aliingia, akainama kwenye kioo, akapiga mluzi.

"Huyu tajiri ni nani? Ana mbuzi wengi sawa na kijiji kizima."

"Anaitwa Jumla," nikasema.

"Ana mke?" Katunge akauliza kutoka kwenye jiko la chai. "Kama hana, mwambieni kuna mjane hapa anayejua kupika."

Tangu siku hiyo, mtu akifika ofisini amevaa vizuri tulimwita Bwana Jumla, na ninyi mlirithi jina hilo bila kujua lilikotoka. Sasa mnajua.

Miaka ilikwenda hivyo. Nikawa mwepesi, nikaacha kutembeza midomo. Jambo moja tu halikubadilika: simu. Kijumba kisichokuwa na tarakimu kilihitaji kupigiwa simu mjumbe, na simu alipiga Katunge. Mimi nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: kijiji fulani, boma fulani, uliza. Mnaweza kudhani ni heshima. Ilikuwa woga. Kazi ile niliipenda hasa kwa sababu tarakimu hazikutazami machoni.

Mwaka wangu wa mwisho, kiangazi kikiwa kikali, habari zilitufikia kwamba mbuzi wanakufa ng'ambo ya mto mkavu ulio karibu na Kalamba. Daktari akataka jumla ya Kalamba haraka. Nikafungua ukurasa, nikaweka rula, nikateremka. Kwenye mistari kadhaa, pale pa tarakimu, nikakuta neno moja: "wapo". Boma la Kalekye, wapo. Boma la pili yake, wapo. Mbele kidogo, "wapo kwa neema".

Nikamwandikia Katunge karatasi. Akaisoma, akanirudishia.

"Leo unapiga wewe."

Nikanyamaza.

"Leo unapiga wewe," akasema mara ya pili, na mnajua mkataba wetu ulivyokuwa.

Mjumbe wa Kalamba aliitwa Mutua. Alishika simu mara moja, bahati mbaya.

"Halo? Halo? Wewe wa kupumua, sema."

"Ni Mumbua. Wa ofisini."

"Kumbe una sauti! Nilidhani ofisi ni ya Katunge na mzimu."

"Kwenye jedwali kuna 'wapo'."

"Ndiyo. Nimewaandikia wapo."

"Wapo wangapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nilimuuliza Susu Kalekye, mbuzi ni wangapi? Akasema wapo. Nikauliza tena, akaniuliza kama mamangu hunihesabu kila jioni pamoja na ndugu zangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimaliza uji nikaenda zangu."

Wengi wenu mmezaliwa kwetu, mnajua jambo hili hata kama mnajifanya hamjui. Wazee wetu hawataji idadi ya kitu chenye uhai. Ukisema watoto ni kadha au mbuzi ni kadha, umekitangazia kifo mahali pa kuanzia. Mama yangu hajui ana mbuzi wangapi, lakini akikosekana mmoja anamjua ni yupi kabla mlango wa boma haujafungwa. Mutua aliandika alichoambiwa. Nami kama ningepita na rula tu, yale maboma ya wazee yangehesabiwa hayana kitu, na ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na ule mto.

Nikamwomba Mutua ampelekee Susu Kalekye simu. Kwetu kila bibi tunamwita susu, awe wako au wa jirani. Nilisikia Mutua akitembea, mbwa wakibweka, halafu sauti kavu:

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia mama, na nyumbani kwetu Kitui.

"Na huko Emali unafanya nini?"

"Nasoma majedwali, susu. Daktari anataka kuleta chanjo. Anataka kujua alete kiasi gani."

"Alete ya kutosha."

"Ya kutosha wangapi, susu?"

"Mtoto, mbona unarudia swali kama mtu wa polisi? Mbuzi zangu nazijua. Sihitaji kuzihesabu, kwani ni magunia?"

Nikauliza lililokuwa karibu zaidi. "Wanaitwaje?"

Halafu nikasikia sauti yake imebadilika, kama mtu aliyevuta kiti akakaa.

"Ah. Hilo sasa ni swali la mtu mwenye mama. Andika. Kuna Soksi, huyo miguu yake ya mbele ni myeupe. Kuna Kanini, ni mkubwa sasa, lakini jina limebaki. Kuna Mtalii, hapiti siku bila kuingia shamba la mchungaji. Kuna Mheshimiwa."

"Mheshimiwa?"

"Huyo ni beberu. Anakula sana, anapiga kelele, kazi yenyewe hujui ni gani."

Akaendelea, na kila jina lilikuja na habari zake: nani alizaliwa njiani, nani hamtaki nani kwenye zizi, nani alikula hati ya ubatizo ya mjukuu. Vijumba vya ukurasa wa zamani vilikubali chochote, kwa hiyo niliandika majina pale pale pa tarakimu, na kwenye karatasi nikawa napiga kistari kimoja kwa kila jina. Alipomaliza nilivihesabu vistari moyoni. Hakuniuliza nimepata ngapi, nami sikumwambia. Yale maboma mengine ya wazee tukayafanya hivyo hivyo. Mutua alilalamika kwamba kazi ya ujumbe imegeuka kuwa kwaya, lakini majina aliyatuma.

Jumla ikatoka, kutoka juu na kutoka chini. Daktari akaongeza kidogo kwa ajili ya wasiotajwa, kama alivyozoea, akaagiza chupa. Siku ya kwenda Kalamba, Katunge akasema twende naye wote wawili. Mimi nilichukua simu yenye ule ukurasa, nimsomee Daktari mstari kwa mstari.

Uwanja ulikuwa umejaa vumbi na milio. Vijana walikuwa wamejenga njia nyembamba ya miti, mbuzi wanaingia upande mmoja, Daktari anachoma sindano, kijana mwingine anapaka rangi begani na kutaja idadi kwa sauti ili chupa isizidiwe. "Hamsini na saba! Hamsini na nane!" Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka alipotokea kikongwe mmoja mfupi, amevaa koti la mwanamume, mbuzi wanamfuata bila kamba. Alisimama, akasikiliza ile hesabu ikipigiwa kelele, akageuka. Mbuzi wote wakageuka naye.

"Susu Kalekye!" Mutua akaita. "Chanjo ni huku!"

"Nimeisikia," akajibu bila kutazama nyuma. "Na kila kitu chenye masikio kimeisikia."

Daktari alikuwa ameinama na sindano mkononi. "Mama, rudi. Dawa imeshachanganywa, haiwezi kungoja."

"Hata mimi siwezi kungoja. Mbuzi zangu hazitapigiwa mnada."

Katunge akanisukuma mgongoni kwa kiwiko. "Majina unayo wewe."

Nikamwambia Daktari kwa sauti ndogo kwamba mbuzi wa Susu wanaweza kupita kwa majina. Akasema, "Nini?" Nikasema tena. Akamtazama yule kijana wa rangi. "Wakija wa huyu mama, wewe funga mdomo. Mumbua ataita." Katunge akamfuata Susu njiani, wakaongea sijui nini. Susu akakubali, ila apite wa mwisho, kelele za tarakimu zikiwa zimekwisha.

Mbuzi wa mwisho wa maboma mengine akapita. Uwanja ukatulia, na watu hawakuondoka, walikaa kuona. Nikasimama kwenye mdomo wa ile njia ya miti, simu imeshikwa kwa mikono miwili.

"Soksi," nikasema.

"Hata nzi hajakusikia," Susu akasema. "Ita kama unamtaka."

"Soksi!"

Yule mwenye miguu myeupe akainua masikio na kuja. Watu wakacheka, lakini kicheko kizuri. Nikaita Kanini, akaja. Nilipoita Mheshimiwa, mzee mmoja aliyeketi kwenye jiwe akasimama na kuvua kofia, na beberu akapita kati ya watu akinuka, kichwa juu. Nikaendelea kukiteremka kile kijumba, jina kwa jina. Sijawahi kusoma jedwali kwa furaha kama ile. Nawaambia ukweli, kama kuna siku moja ningepewa niirudie, ningechukua hiyo, pamoja na vumbi lake.

Jina la mwisho likaja, likachanjwa, likapakwa rangi. Nikashusha simu. Na nyuma ya Susu, kichwa kikiwa kwenye koti lake, alikuwa amebaki mbuzi mmoja wa kahawia, kiwele kimejaa.

"Na huyu, susu?"

"Huyu naye achomwe."

"Hayupo kwenye jedwali."

"Najua hayupo. Mimi ndiye niliyemwacha."

Daktari akainua chupa, akaitazama kwenye jua, akaipindua. Haikudondosha hata tone. Akatazama sanduku la barafu. Hapakuwa na nyingine. "Haiwezekani," akasema. "Nilikuwa nimeongeza."

Katunge akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani. "Daktari, wewe umekulia mjini. Hakuna boma hapa ambalo limekutajia mbuzi wote. Waliosema tarakimu wameacha mmoja, waliosema majina wameacha mmoja. Na leo wote wamewaleta. Hiyo nyongeza yako imeliwa na wale wa nje."

"Kila boma?"

"Kila boma. Hata langu. Hata mimi kwenye jedwali letu nimeacha mmoja, na mimi ndiye karani."

Daktari akapangusa uso kwa mkono wa koti. Akamgeukia Susu kwa upole. "Mama, kwa nini huyu? Si ungeacha yule beberu?"

"Ukiacha nje kitu kibaya hujaacha kitu," Susu akasema. "Anayebaki nje ya hesabu ni yule mzuri. Huyu ndiye anayenywesha wajukuu wangu, mapacha, tangu mama yao alazwe. Kutajwa hatajwi."

"Na ikitokea..." Daktari alitafuta maneno. "Ikitokea mahali pake pamebaki wazi?"

Susu hakukasirika. Alimkuna yule mbuzi nyuma ya sikio. "Pale mahali hapakai wazi, daktari. Nitatoa mmoja kwenye majina aje asimame hapo nje, na jina lake halitatajwa tena. Lakini sitaki kutoa."

Hapakuwa na la kufanya siku ile. Daktari alimweleza asimpeleke yule wa kahawia kunywa kwenye visima vya mchanga vya mtoni, amfunge peke yake, ampelekee majani na maji. Safari nyingine ingekuja chupa zikipatikana. Susu alikubali kwa kichwa na kuondoka, na yule mbuzi asiyepakwa rangi akatembea akiwa amemgusa paja.

Njiani kurudi Emali, Katunge na Daktari walikubaliana: jumla ya kijiji chochote, ukishaipata, ongeza mmoja kwa kila boma. Ukurasa hauonyeshi maboma ni mangapi, lakini kila mstari ni boma, kwa hiyo hesabu mistari, ondoa ile iliyojirudia, ongeza. Hili naliandika kwa wino mzito makusudi. Ukurasa mpya unajua kujumlisha kuliko mimi, na kwa haraka. Lakini vijumba vyake vinakataa herufi, na vinajumlisha kile tu kilichotajwa. Mzee akisema wapo, hakuna pa kuliweka neno lake. Mpigieni simu. Mwulizeni majina. Halafu yule wa nje muongezeni ninyi wenyewe, kimya kimya, msimwambie mtu.

Baada ya siku ile niliharibika kidogo. Kila asubuhi nilifika ofisini nikafungua ukurasa kabla ya kufungua dirisha, nikaenda moja kwa moja Kalamba. Ugonjwa ulikuwa umevuka mto. Mutua hakupatikana kwenye simu. Katunge alisema huenda mlingoti wa mtandao umekosa umeme. Mzunguko mpya wa hesabu ulikuwa umefunguliwa, mistari ya Kalamba ipo, vijumba vitupu. Kijumba kitupu ni mtu hajaulizwa, nikajiambia, na sikumjibia. Lakini niliwaona wale mapacha, ingawa sijawahi kuwaona. Chanjo ilikuwa bado haijafika, na habari za ukurasa mpya zilikuwa zimefika. Ule ulikuwa mzunguko wa mwisho wa ukurasa wa zamani, na wangu.

Asubuhi moja vijumba vikajaa. Niliweka rula ingawa siku hizo nilikuwa siihitaji tena. Baadhi ya maboma yalikuwa yamepungua. Msifikiri yalipona yote. Nikateremka mpaka mstari wa Kalekye. Katunge alisimama nyuma yangu na birika mkononi, na hakuuliza kitu hata mara moja.

Soksi alikuwepo. Kanini, Mtalii, Mheshimiwa. Niliyasoma majina kutoka juu, kidole kwenye kila moja, nikilinganisha na karatasi yangu ya vistari. Halafu nikayasoma kutoka chini. Majina yote yalikuwepo, hakuna lililotolewa. Hakuna aliyeitwa akasimame mahali pa mwingine.

"Yule wa kahawia je?" Katunge akauliza. "Hayumo."

"Hayumo," nikasema, na nikasikia sauti yangu imekuwa kubwa chumba kizima. "Hayumo, mwaitu, mama yangu! Yuko hai!"

Katunge akaiweka birika juu ya karatasi za Daktari, ikaacha duara jeusi ambalo bila shaka mmeliona mkashangaa. Tulijumlisha Kalamba pamoja, yeye kutoka juu, mimi kutoka chini, na chai ikanywewa ikiwa moto.

Nimeondoka kabla chupa hazijafika, kwa hiyo mwisho wa jambo hili mnao ninyi. Niandikieni. Andikeni kwa penseli kama hamna kalamu, na msihangaike na tahajia. Barua iacheni kwa shangazi hapo Emali, naye atampa yeyote anayekuja huku kwetu. Semeni Daktari alirudi Kalamba lini, na kama yule wa kahawia aliingia mwenyewe kwenye njia ya miti au ilibidi abebwe, maana nilimtazama machoni siku ile, na alikuwa na kichwa kigumu kama bibi yake.